Hatari ya Dawa Haimo Katika Asili Yake

Wagonjwa wengi huuliza iwapo dawa za viwandani ni salama, ilhali "zimejaa kemikali". Swali hilo ni la haki. Jibu fupi la "meza tu" humwacha mgonjwa na hofu yake, na mwenye hofu huacha dawa.

Tuchukue mfano wa ibuprofeni, inayotuliza maumivu, homa na uvimbe. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1961, na njia ya awali ya kuitengeneza ilikuwa na hatua sita zilizozalisha taka nyingi. Mwaka 1992 kiwanda kimoja huko Texas, Marekani, kilianza kutumia njia ya hatua tatu. Katika hatua ya mwisho, gesi ya kaboni monoksaidi huunganishwa na molekuli kwa kichocheo cha metali ya paladi. Mbinu hii ina historia: mwishoni mwa miaka ya 1930 Mjerumani Walter Reppe aliunganisha gesi hiyo na asetilini, ile ya kuchomelea vyuma, kwa kutumia nikeli. Akapata asidi ya akriliki, ambayo leo ni malighafi ya nepi za watoto.

Kaboni monoksaidi ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Je, mgonjwa anameza sumu? La hasha. Ikishaungana, huwa sehemu ya molekuli mpya yenye tabia nyingine, kama klorini, gesi kali, inavyokuwa sehemu ya chumvi ya mezani.

Kinachodai uangalizi ni mabaki ya metali. Kwa dawa za kumeza, mwongozo wa kimataifa unaruhusu paladi isiyozidi mikrogramu 100 kwa siku. Kikomo hicho kina maana pale tu dawa inapopimwa. Ndiyo sababu dawa zisizosajiliwa ni za kuepukwa.

Hatari iliyo karibu zaidi ni matumizi holela. Ibuprofeni huzuia prostaglandini zinazosababisha maumivu, lakini hizo hizo hulinda tumbo na figo. Hivyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Na kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito isitumiwe bila ushauri wa daktari.

Rai yangu kwa wahudumu wenzangu ni hii: tumweleze mgonjwa anachomeza, kiasi gani na kwa siku ngapi. Nawe mgonjwa, usichoke kuuliza.