Nyuzi za Pamba, Nyuzi za Kioo

Mkulima wa Bariadi hahitaji kufundishwa tofauti ya pamba mbegu na pamba nyuzi. Ya kwanza anaipeleka AMCOS, chama chake cha ushirika, ikapimwe. Ya pili hutoka kwenye kiwanda cha kuchambulia, na sehemu kubwa yake hupakiwa melini ikawe nguo ya mwingine. Mkoa wake wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ni kinara wa pamba Tanzania, lakini gulioni mitumba ndiyo inayotamba. Nahofia nyuzi za kioo, yaani faiba, zisije zikatufanyia yaleyale.

Tangu Mkongo wa Taifa wa mawasiliano uanze kujengwa mwaka 2009, viongozi wetu wamezoea kuhesabu kilomita za mtaro, kana kwamba kuchimba ndiko teknolojia yenyewe. Thamani kubwa ilizalishwa kwingine, na mapema. Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Uingereza, alieleza kwamba kinachoudhoofisha mwanga ndani ya kioo ni uchafu uliomo, na uchafu unaweza kuondolewa. Mwaka 1987 David Payne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton walionyesha kwamba uzi uliotiwa erbiamu huukuza mwanga bila kuugeuza kwanza kuwa umeme. Ndiyo mbinu inayobeba mawasiliano ya chini ya bahari hadi leo. Kutoka maabara za chuo hicho zilichipuka kampuni, mojawapo SPI Lasers, iliyonunuliwa na Trumpf ya Ujerumani mwaka 2008. Lakini ilikuwa kazi ya miongo. Isingeiva ndani ya bajeti ya mwaka mmoja.

Basi Bariadi nayo ijenge maabara ya kuvuta kioo? Hapana. Huo utakuwa ufahari wa kukatia utepe.

Mfano wetu uko jirani, kwenye kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Watafiti wa pale hawakuuvumbua mpamba; waliuchukua wakauzoesha udongo, wadudu na magonjwa ya kanda hii, na herufi UK katika mbegu kama UK91 zimetoka kwenye jina la kijiji chao. Faiba nayo inangoja Ukiriguru yake.

Uzi wa kioo, mbali na kubeba taarifa, husikia. Ukipelekewa mpigo wa mwanga, sehemu ndogo ya mwanga huo hurudi nyuma; ardhi ikitikisika marejeo hayo hubadilika, na muda wa kurudi hueleza ni umbali gani. Mbinu hiyo hutumika kufuatilia mabomba na matetemeko. Sasa fikiria Meatu, Itilima na Busega, ambako tembo wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa huingia mashambani usiku. Je, nyuzi zisizotumika ndani ya mkongo zinaweza kumsikia tembo akikanyaga udongo mweusi wa mbugani, kabla hajafika kwenye mahindi? Hilo ni swali la kufaa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, na huwezi kulijibu ukiwa Southampton.

Atakayesema wananchi wanataka maji na bando nafuu kwanza, hakosei. Utafiti huu hautashusha bei ya bando, na huenda ukashindwa kabisa: katika nchi ya Wasukuma, kundi la ng'ombe mia mbili linaweza kuuchanganya hata uzi wa kioo. Ila kuwatenganisha hao ng'ombe na tembo kwa hesabu za mitetemo ni kazi ya kijana aliyekulia akichunga Itilima, akapelekwa chuo, kisha akapewa nyuzi mbili za kujaribia.