Askari wa mwili wakiasi, Endulen wakimbilie wapi?

Vijana wa mjini mnaijua malaria, mnaujua UKIMWI. Leo tunauliza habari ya ugonjwa usio na kampeni wala fulana za bure: pale askari wa mwili wanapoasi na kumpiga mwenye nyumba.

Askari hao ni chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Kundi moja, B, ndilo linalozaa seli za kutengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu. Wakiasi hushambulia ngozi, figo, viungo. Ndiyo lupasi hiyo, ndiyo baridi yabisi inayopinda vidole vya mtu ambaye bado ana nguvu za kufanya kazi. Kwenye lupasi mwili hufikia hata kutengeneza kingamwili za kuziua limfosaiti zenyewe. Askari kwa askari!

Wataalamu hawakulala. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Njia hiyo ndiyo iliyozaa rituksimabu, dawa inayonasa alama ya CD20 kwenye ngozi ya limfosaiti B na kuziangamiza. Marekani iliiruhusu kwa saratani mwaka 1997, na kwa baridi yabisi mwaka 2006.

Hatusemi kila zahanati iwekewe rituksimabu. Huo ni upuuzi. Dawa hiyo hushusha kinga, na asiyepimwa kwanza homa ya ini ya B anaweza kuamshiwa virusi vilivyolala vikamuua. Kabla yake kuna dawa za bei ndogo: prednisoloni, haidroksiklorokwini, methotreksati. Lakini hata anayekunywa methotreksati lazima apimwe damu na ini mara kwa mara. Anahitaji maabara iliyo karibu, na daktari anayemkumbuka.

Sasa twende Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa miaka mingi wafugaji wa huko walitibiwa katika hospitali ya Kanisa Katoliki, na wagonjwa mahututi walifuatwa na ndege za Flying Medical Service. Mwaka 2022, wakati ule ule watu walipokuwa wakihimizwa kuhamia Msomera, Handeni, ndege hizo zilizuiwa kuruka. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilieleza jinsi huduma za hospitali hiyo zilivyopunguzwa. Serikali inasema wanaohama wanahama kwa hiari. Hiari gani ya mtu aliyenyang'anywa daktari?

Mama wa Endulen aliyevimba magoti na anayekojoa damu afanye nini? Apande gari, apite ukingo wa kreta, lango la Loduare, Karatu, Makuyuni, Arusha, hadi KCMC Moshi? Mara ngapi kwa mwaka, na kwa mbuzi wangapi? Wakubwa wao wakiumwa wanajua njia ya uwanja wa ndege. Hata Mwalimu Nyerere alifia London, Oktoba 1999, kwa saratani ya damu.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunamtaka Waziri wa Afya ajibu hadharani: kadi hiyo mtu wa Endulen ataipeleka dirisha gani, na ni nani aliyeamua kuwa maabara ya wafugaji ndiyo ya kupunguzwa kwanza?