Vikaragosi vya Enzi ya Ukoloni Visitundikwe Bubu

Upo mtindo, ulioanzia Uingereza na kuenea kwingi kuliko na watalii, wa kupamba kuta kwa picha kuukuu za kejeli za enzi ya Malkia Victoria. Picha hizo hutolewa katika majarida ya karne ya kumi na tisa, hutiwa fremu na vioo, kisha hutundikwa katika kumbi za hoteli, afisi za mawakili na vyumba vya kusomea. Pwani yetu ya kusini, tangu Diani hadi Msambweni, haina uhaba wa kumbi za aina hiyo. Kwa hivyo swali latuhusu: picha hizo zikifika kwetu, zitundikwe vipi, na ni nani azifasiri?

Tuanze na maneno. "Katuni" asili yake ni neno la Kitaliano lenye maana ya karatasi nzito, ambayo wachoraji walitumia kuandaa rasimu za picha za ukutani. Mwaka 1843 jarida la Punch la London lilikejeli rasimu zilizoandaliwa ili kulipamba Bunge jipya, likaiita michoro yake ya mzaha kwa jina lilo hilo. Tangu hapo neno likabadili maana. "Katoni" ya sabuni dukani ni ndugu yake wa shina moja. Nasi tuna "kikaragosi", jina lililotokana na Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki ambamo kijisanamu cha ngozi huwacheka wakubwa. Sifa ya sanaa hii, basi, ni mnyonge kumcheka mwenye nguvu. Je, achekaye akiwa ni mwenye nguvu mwenyewe?

Si picha zote zilizo sawa. Jarida la Vanity Fair, lililoanzishwa mwaka 1868, lilitoa kwa miongo mingi kikaragosi cha rangi cha mtu mashuhuri, kilichochorwa juu ya jiwe na kupigwa chapa, kila rangi na jiwe lake. Mwaka 1872 alichorwa Stanley, aliyemkuta Livingstone kule Ujiji. Mwaka 1873 akafuata Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa Unguja kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Michoro hiyo ni utani wa jirani kwa jirani: Mwingereza anamcheka Mwingereza mwenziwe.

Lakini tazama picha iliyotolewa na Punch tarehe 10 Desemba 1892, kazi ya Edward Linley Sambourne. Cecil Rhodes amesimama juu ya Afrika nzima, mguu mmoja Kairo na mwingine Rasi ya Tumaini Jema, mikononi ameushika waya wa simu. Chini ya miguu yake hamna mtu hata mmoja. Bara zima limekuwa kiwanja kitupu. Mnamo 1894 jarida hilo hilo liliichora Uganda kama mtoto mchanga mweusi aliyetupwa mlangoni pa John Bull, yule mzee anayesimama badala ya Uingereza. Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa piga hatua hadi Gazi, kati ya Diani na Msambweni. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki, ulizuka mgogoro wa urithi wa Takaungu. Waingereza wakauingilia, Mbaruk akaingia vitani, na ikabidi waletwe askari kutoka Bara Hindi. Mwaka 1896 alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mbaruk hakuwa malaika. Wamazrui walimiliki watumwa, na jambo hilo halifai kufichwa. Hata hivyo, vita vyake ni ushahidi kwamba ardhi iliyo chini ya miguu ya Rhodes haikuwa tupu.

Wako watakaosema picha hizo ziteremshwe zichomwe. Sikubaliani nao. Ukichoma hati umemsaidia aliyeiandika, kwani hataulizwa tena. Wako pia watakaosema ni mapambo tu. Hao nao wamekosea. Picha ya kejeli nusu yake ni maneno yaliyo chini yake, na maneno hayo ni ya Kiingereza cha mafumbo ya miaka mia moja na zaidi iliyopita. Mgeni atacheka, kijana wa Ukunda anayekipangusa kioo kila asubuhi ataona mzungu aliyesimama tu. Huko ndiko kutundika picha bubu.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila picha ya namna hiyo iwe na kadi ya Kiswahili, na ikiwezekana ya Kidigo: ni nani aliyechora, mwaka gani, alimcheka nani, na ni nini alichokiacha nje. Kando ya Rhodes itundikwe ramani ya vita vya Mbaruk. Gharama yake ni karatasi na wino, na wanafunzi wa Kwale watapata somo la historia lisilohitaji nauli ya kwenda Fort Jesus.

La mwisho ni letu wenyewe. Picha za Punch zimetufikia kwa sababu wasomaji wake waliyajalidi majarida na kuyahifadhi. Hata nyumba ya Sambourne mjini London ni makumbusho. Sisi tulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyetuchekesha kwa miongo mingi, na tunao akina Gado na Maddo. Magazeti yaliyowabeba tumeyafungia samaki na maandazi. Wajukuu wetu watakapotaka kujua tulimcheka nani na kwa nini, tusiwaachie ukuta wenye Rhodes peke yake.