NANI ALIYEMPA MWAJIRI HAKI YA KUMWACHISHA MTOTO ZIWA?

Sifa zote njema zinamstahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu zetu katika imani, tunaandika mwezi huu juu ya dhulma ambayo wanaume wengi misikitini hudhani ni mazungumzo ya wanawake, haiwahusu. Nayo inawahusu zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu baadhi ya wanaoitenda huswali safu ya mbele.

Dada yetu mmoja, mkaazi wa Likoni na karani katika ofisi moja kisiwani Mombasa, alijifungua mapema mwezi wa Machi 2020. Siku chache baadaye, tarehe 13 Machi, serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kila mmoja wetu anakumbuka yaliyofuata. Shule zilifungwa. Tarehe 27 Machi ilianza amri ya kutotoka nje usiku, na alasiri ya siku hiyo hiyo polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wawahi majumbani. Tarehe 8 Aprili ilipigwa marufuku kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mamake dada huyu yuko Ukunda. Bibi aliyekuwa aje amlee mjukuu akazuiliwa na kizuizi cha barabarani, na marufuku ya Mombasa hayakuondolewa mpaka tarehe 7 Julai.

Likizo yake ya uzazi ilimalizika Juni. Ofisi ikampelekea habari kwamba aripoti kazini Jumatatu, la sivyo nafasi yake itahesabiwa kuwa wazi. Aliomba mambo matatu tu: afanyie baadhi ya kazi nyumbani, kama walivyokuwa wakifanya wanaume wawili wa idara yake, apewe saa moja ya kukamua maziwa, na asikae kwenye dirisha la kuhudumia wateja, asije akampelekea mtoto maradhi. Yote matatu yalikataliwa. Akivuka feri alfajiri, maziwa yakimtoka na kulowanisha nguo, akijificha chooni kuyakamua na kuyamwaga. Kabla mtoto hajatimiza miezi mitano alikuwa ameshaachishwa ziwa, anapewa maziwa ya kopo. Na aliyetia sahihi barua ile ni Muislamu mwenzetu, mwenye kuswali na kufunga.

Hatumtaji, wala hatuitaji ofisi yake. Tunalolisema ni kwamba yeye si peke yake.

ALLAAH AMESEMAJE?

Katika Suuratul Baqarah, aya ya 233, Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameweka muda wa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuutimiza. Akamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema. Akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Kisha akaruhusu mtoto aachishwe ziwa kabla ya muda huo kwa sharti moja: wazazi wawili waridhiane na kushauriana.

Tuizingatie aya hii, enyi ndugu. Shauri la kumwachisha mtoto ziwa lina watu wawili, mama na baba. Hakutajwa meneja, wala mkurugenzi, wala afisa wa wafanyakazi. Ikiwa baba mwenyewe, aliyemzaa mtoto na anayemlisha, hana ruhusa ya kulikata jambo hili peke yake bila ya kumshauri mama, seuze mtu baki ambaye hata jina la mtoto halijui? Basi anayeweka masharti ya kazi ambayo mama hawezi kuyatimiza ila kwa kumwachisha mwanawe, huyo ameingia katika shauri ambalo Allaah hakumpa kiti ndani yake.

Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), kama ilivyopokewa katika Swahihi mbili za Bukhari na Muslim, alikuwa akianza swala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kujua uzito ulioko moyoni mwa mama. Swala ni nguzo ya dini, na imamu alikuwa mbora wa viumbe. Ikafupishwa kwa ajili ya kitoto kinacholia. Je, kazi ya makaratasi ina utukufu gani hata isipunguzwe kwa saa moja?

KISA CHA 'UMAR

Wanazuoni wa historia, akiwemo Ibn Sa'd, wamepokea kwamba katika ukhalifa wa 'Umar bin al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, naye akatoka pamoja na 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf kuulinda usiku. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama na kumnasihi amhurumie mwanawe, kisha akarudi pahali pake. Kilio kikaendelea mpaka mwisho wa usiku. Alipomuuliza tena, mama yule, asiyejua anazungumza na nani, akamweleza kwamba anamlazimisha mtoto aache ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa 'Umar haandikii posho ya Baitul Maal ila mtoto aliyekwisha kuachishwa.

'Umar aliwaswalisha watu alfajiri ile huku kilio kikimzuia kusoma, akijilaumu kwa watoto wa Waislamu aliowadhuru bila ya kujua. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao, kwani tangu siku ile kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa posho yake. Akaziandikia nchi zote vivyo hivyo.

Hakusema kwamba mama yule ana tamaa ya posho. Hakumwambia kwamba kanuni ni kanuni. Alitambua kuwa kanuni yake mwenyewe ndiyo iliyomwachisha mtoto, akaibadilisha kabla jua halijapanda. Enyi waajiri wa Kiislamu mnaopenda kusikia sifa za 'Umar mimbarini, mizani yenu ni hii.

NYUMBA ZA ALLAAH ZILIFUNGWA

Kuna hoja iliyotolewa sana wakati ule: kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Tunajibu kwamba mwaka 2020 tulishuhudia makubwa kuliko hayo. Tangu mwezi wa Machi misikiti ilifungwa. Ramadhani ya mwaka 1441 ilipita bila ya Taraawiyh za jamaa misikitini. Ilipofunguliwa mwezi wa Julai, haikuruhusiwa zaidi ya watu 100 kwa muda usiozidi saa moja. Wanazuoni wetu walituambia tustahamili, kwa sababu kuihifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, na kwa sababu Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka ndani yake kwa kuikimbia. Tulisikia na tukatii, hali macho yanatutoka machozi.

Basi ikiwa nyumba za Allaah zilifungwa kuhifadhi nafsi, ni ofisi gani hiyo ambayo haikuweza kumsogeza mzazi mita chache kutoka dirishani? Hoja ya kuhifadhi nafsi ilituzuia sisi tusiswali jamaa. Kwa nini haikumzuia tajiri asimrudishe mama anayenyonyesha katikati ya msongamano wa feri? Ilhali mwezi huo huo wa Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hata mama mwenye korona aendelee kumnyonyesha mwanawe kwa kuvaa barakoa na kuosha mikono, kwa kuwa faida ya ziwa ni kubwa kuliko hatari yake.

Huenda msomaji akasema kwamba maradhi yamepita, na kweli shirika hilo lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Lakini korona haikuizua dhulma hii, iliifunua tu. Kina mama bado wanakamua maziwa vyooni, na maradhi mengine hayapigi hodi yanapokuja.

HATA SHERIA YA NCHI IMEWATANGULIA

Ni aibu kwetu kwamba sheria iliyotungwa na watu imewahurumia kina mama kuliko baadhi ya Waislamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi katika kazi yake au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua ya mwanzo. Inampa baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na atoe muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Alichokiomba dada yetu hakikuwa fadhila. Alinyimwa haki iliyoandikwa.

KWA WALE WASEMAO "AKAE NYUMBANI"

Wako ndugu watakaotusoma na kusema dawa ni moja, mwanamke akae nyumbani. Hatupingi kwamba malezi ni kazi tukufu kuliko zote, wala hatumlaumu anayeichagua. Lakini tunawauliza: mwaka 2020 hoteli za pwani zilipofunga milango na waume kurudi mikono mitupu, ni nani kati yenu aliyepeleka unga katika nyumba ile? Mjane na aliyeachwa bila ya nafaqa akae nyumbani ale nini? Na nyinyi mnaokataa, kwa haki, wake zenu wasizalishwe na wanaume, mnataraji kumpata wapi mkunga Muislamu ikiwa kila mkunga akizaa mnamfukuza kazini?

Mabinti wawili wa Madyan walitoka kunywesha wanyama kwa kuwa baba yao alikuwa mzee. Nabii Muusa ('alayhis salaam) hakuwakemea. Aliwauliza wana nini, kisha akawanyweshea. Kukemea ni rahisi. Kunywesha ndiyo kazi.

TUANZE NA SISI WENYEWE

Hatuna uso wa kuzilaumu ofisi za mjini ilhali ziko madrasa na shule zetu za Kiislamu zinazowaajiri walimu wa kike bila ya mkataba, mwalimu akishika mimba jina lake likafutwa kimya kimya, au akapewa arubaini yake bila ya mshahara na kuambiwa ashukuru. Kwa hiyo tunawataka:

1. Kamati za misikiti na wasimamizi wa madrasa: andikeni mikataba, mtoe likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na muitenge saa ya kunyonyesha. Misikiti iliyo karibu na maofisi ifungue upande wa wanawake mchana, dada zetu wapate pahali pa stara pa kunyonyesha na kukamua maziwa.

2. Waajiri wa Kiislamu: kabla ya kumwita mzazi kazini, muulizeni anamwacha mtoto na nani. Mpunguzieni safari anapoweza kufanya kazi nyumbani, hasa yanapozuka maradhi ya kuambukiza.

3. Waume: nafaqa ni juu yenu hata mke akiwa na mshahara. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa katika kazi za ahali yake, na wakati wa swala ukifika akatoka. Chukueni zile wiki mbili zenu, na msizimalizie barazani.

4. Dada zetu: toeni taarifa ya likizo kwa maandishi siku saba kabla, hifadhini nakala, na mkidhulumiwa msinyamaze. Njooni kwa kamati za misikiti yenu, na kamati zisiwarudishe.

Ya Allaah, walinde watoto wetu na mama zao, zilainishe nyoyo za waliopewa mamlaka juu ya wengine, na utujaalie tuwe wenye kurejea kwenye haki kama alivyorejea 'Umar kabla jua halijapanda. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.