Vita vya vivinjari: Kwa nini maafikiano na faini havijavunja ukiritimba?

Kwa zaidi ya robo karne, Marekani na Umoja wa Ulaya zimejaribu kuzuia kampuni moja kuuhodhi mlango wa kuingilia intaneti. Fidia zimelipwa na faini zimetozwa, lakini anayetawala anapoondoka, mwingine hukalia kiti chake.

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtumiaji kufungua kurasa za mtandao. Hutolewa bure, na ndiyo maana wengi hujiuliza kinagombaniwa nini. Jibu ni kwamba mwenye kivinjari ndiye anayepanga ni mtambo gani wa utafutaji utatangulia mbele ya mtumiaji, na kwa hiyo fedha za matangazo ya biashara zitaelekea kwa nani.

Fidia iliyochelewa

Katikati ya miaka ya 1990 Netscape ndiyo iliyoongoza. Microsoft ilijibu kwa kuunganisha kivinjari chake, Internet Explorer, na mfumo wa Windows. Mei 1998 Wizara ya Sheria ya Marekani na majimbo kadhaa zikaishtaki. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru Microsoft igawanywe, lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo, ingawa ilikubali kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Novemba 2001 serikali na Microsoft zikaafikiana: kampuni ibaki nzima, ila iwaachie watengenezaji wa kompyuta nafasi ya kuweka programu za washindani.

AOL, iliyokuwa imeinunua Netscape, ilifungua shauri lake mwaka 2002. Mei 2003 Microsoft ilikubali kuilipa AOL Time Warner dola milioni 750. Katika makubaliano hayo hayo, AOL iliruhusiwa kutumia Internet Explorer kwa miaka saba bila malipo. Mlalamikaji aliondoka na fedha, pamoja na kivinjari cha mshtakiwa. Netscape haikuinuka tena, na kazi yake ikaendelezwa na Mozilla, iliyotoa Firefox mwaka 2004.

Ulaya yajaribu njia nyingine

Mwaka 2007 ilikuwa zamu ya Opera ya Norway, ambayo Opera Mini yake inafahamika vyema Afrika Mashariki kwa kubana matumizi ya bando. Iliwasilisha malalamiko mjini Brussels, na Desemba 2009 Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji wa Windows barani Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari wanachokitaka, kwa muda wa miaka mitano.

Ahadi hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Kati ya Mei 2011 na Julai 2012, watumiaji wapatao milioni 15 hawakuuona ukurasa huo. Microsoft ilisema ni hitilafu ya kiufundi, lakini Machi 2013 ilitozwa faini ya euro milioni 561. Kufikia wakati huo soko lilikuwa limeshahama. Chrome ya Google, iliyoanzishwa mwaka 2008, ilikuwa ikipanda kwa kasi, na watu wengi walikuwa wakihamia kwenye simu.

Zamu ya Google

Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google inashikilia ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Kesi ilibainisha kuwa mwaka 2021 pekee Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili mtambo wake uwe chaguo la awali kwenye simu na vivinjari. Serikali iliomba Chrome iuzwe. Septemba 2025 jaji alikataa: alipiga marufuku mikataba inayowafungia nje washindani na kuagiza baadhi ya data zigawiwe kwao, lakini malipo yenyewe hakuyazuia.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutokana na malipo hayo hayo ya Google. Kuyakata kungemwumiza mshindani mdogo kabla ya mkubwa, na kuyaacha ni kumwacha mdogo aishi kwa mkono wa mkubwa. Isitoshe, Opera na hata Edge ya Microsoft sasa vimejengwa juu ya Chromium, msingi ulioanzishwa na Google. Majina ni mengi, lakini injini zilizo chini yake ni chache.

Maafikiano ya awali yalikuja kesi ikiwa imechukua miaka, huku mazoea ya watumiaji yakijengeka kwa miezi. Watu wengi hawabadilishi kile walichokikuta kwenye kifaa, na Google isingetumia mabilioni kununua nafasi ya awali kama isingelijua hilo.

Tangu Machi 2024, sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya inazilazimu Apple na Google kuwapa watumiaji wa simu nafasi ya kuchagua kivinjari. Wajibu huo unaishia kwenye mipaka ya umoja huo. Anayenunua simu mpya Nairobi au Dar es Salaam hana ahadi kama hiyo, na kwake uchaguzi bado unafanyika kiwandani, kabla hajaiwasha.