Mzigo Umefika, Siyo Ule

Simu inaletwa barazani, mmoja anapitisha kidole, wengine tunachungulia. Kwenye kioo kuna paneli ya sola inang'aa, kuna kitenge kimekunjwa vizuri, kuna viatu, kuna blenda, na chini yake maneno yale yale: mzigo mpya, bei ya jumla hata kwa kipande kimoja, tunatuma mikoani, malipo kwanza. Muuzaji yuko Kariakoo, au anasema yuko Kariakoo. Anakuita mpendwa. Anakuita bosi. Anakutumia picha nyingine na video fupi, na akiona unasita anakwambia zimebaki mbili tu. Unatuma hela. Meseji inarudi papo hapo, makato yamekatwa papo hapo, na jina linalotokea kwenye muamala si jina la duka. Mzigo unapakiwa Mbagala Rangi Tatu, unashuka stendi ya Kibiti, unalipia. Bodaboda anauleta Mtunda, unalipia tena. Unakata gundi kwa kisu. Siyo ule.

Hakuna kijiji huku Kibiti ambacho hakina hadithi hiyo, na karibu kila nyumba ina kitu kimewekwa juu ya kabati au nyuma ya mlango ambacho hakikuwa ndicho kilichoagizwa. Hatuvitupi, kwa sababu tumevilipia. Hatuvitumii, kwa sababu havitumiki.

Jirani yetu aliagiza paneli ya wati 100. Alishapiga hesabu zake: taa tatu, kuchaji simu, na redio ya mzee. Ikaja paneli ndogo kuliko alivyoitegemea, lakini nyuma imebandikwa karatasi inayosema wati 100, kwa hiyo akadhani labda za siku hizi zimekuwa ndogo. Ilipoingia jioni ya pili taa zikazima kabla watu hawajala. Akamwita fundi. Fundi akaigeuza paneli, akaishika ile karatasi kwa ukucha pembeni, akaivuta taratibu, na chini yake kukawa na karatasi nyingine, ya kiwandani, ya wati 40. Tulikuwa tumesimama pale watu wazima kadhaa na hakuna aliyesema neno. Fundi ndiye aliyesema. Alisema, "Umepigwa, kaka."

Akina mama wa kikundi waliagiza vitenge vya sare kwa ajili ya shughuli ya kumtoa mwali. Walichanga kwa wiki nyingi, mwenye mbili, mwenye tano. Kwenye picha kitenge kizito, maua yametoka pande zote mbili. Kilichokuja ni chepesi, kimechapwa upande mmoja, upande wa pili karibu ni mweupe, na kilipoloweshwa maji ya beseni yakawa mekundu. Siku ya shughuli haisogezwi kwa ajili ya kitenge. Walivivaa hivyo hivyo, na jasho likawatia rangi shingoni.

Na ndugu zetu wa delta ya Rufiji wana mambo yao, mazito zaidi. Mvuvi anaagiza nyavu ya macho makubwa, kama inavyotakiwa, maana hataki ugomvi na mtu. Inapita Kibiti, inapelekwa Nyamisati, inasubiri boti, boti inasubiri maji yajae, na inapofika kisiwani inafunguliwa na kukutwa ni ya macho madogo, ile ambayo ofisa uvuvi akiikuta majini anaitaifisha. Mtu huyo kapoteza hela ya nyavu, na akithubutu kuitumia ili angalau afidie, kosa ni lake. Muuzaji hayumo hata kwenye mazungumzo.

Basi unampigia muuzaji. Mara ya kwanza anapokea, bado ni mpendwa. Anasema picha ndiyo hiyo hiyo, labda ni mwanga. Mara ya pili anasema rudisha kwa gharama zako, tukikagua tutaangalia. Mara ya tatu anasema hela hairudishwi, chagua kitu kingine uongezee. Mara ya nne simu inaita bila kupokelewa, na kesho yake picha yake ya wasifu imetoweka: amekubloku. Unaomba simu ya shemeji ujaribu kwa namba nyingine, anapokea haraka, anakuita bosi, akisikia sauti yako anakata.

Unakwenda kwa wakala, wakala anakuelekeza upige huduma kwa wateja. Huko unasikiliza muziki mpaka unachoka, halafu unaambiwa muamala umekamilika na mpokeaji alishatoa fedha. Unakumbuka kuna ile namba 15040 ya kupeleka meseji za matapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini hapa hakuna meseji ya namna hiyo. Uliagiza mwenyewe, ukatuma mwenyewe, na kitu kimekuja. Unakwenda kituo cha polisi kuchukua RB, na swali la kwanza ni kama mzigo uliupokea. Niliupokea. Basi hiyo ni madai, nenda mahakamani.

Hapo ndipo panapotuuma, na ndipo ninapoomba wakubwa wapaangalie vizuri. Tapeli asiyetuma kitu ana makosa yanayojulikana na namba ya kumripoti. Huyu wa pili amejifunza kutuma kitu, chochote, na kitu hicho ndicho kinga yake. Maboksi ya viatu vya mguu mmoja, simu yenye kava jipya na betri iliyokwisha, paneli yenye karatasi mbili, vyote vinafanya kazi moja, ya kumtoa yeye kwenye kundi la wezi na kumwingiza kwenye kundi la watu wanaodaiana. Na kudaiana kunataka jina la mdaiwa na mahali anapokaa, vitu ambavyo sisi hatuna. Tuna boksi lililoandikwa kwa kalamu nene jina la mnunuzi, namba ya mnunuzi na neno KIBITI. La muuzaji hakuna hata herufi. Risiti nayo haipo, ingawa tangazo la ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti tunalisikia redioni kila siku. Ukimdai, anakwambia bei ya risiti ni nyingine.

Wala tusiambiwe kwamba mtu huyo hajulikani. Tangu 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 tulipangishwa foleni nchi nzima kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wazee wetu wenye vidole vilivyosuguka kwa jembe walirudishwa mara kadhaa kwa sababu mashine haikuvisoma. Tulikubali kwa sababu tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Kwa hiyo laini iliyopokea hela ya paneli ina vidole vya mtu. Kampuni ya simu inamjua. Serikali inamjua. Asiyemjua ni aliyemlipa.

Sheria zipo, na tunazitaja hapa kwa sababu wengi huku wanadhani hazipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ni ya zamani kuliko simu za mkononi, na inasema wazi kuwa bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa mtandao aweke wazi jina lake, anwani yake na maelezo ya kitu anachouza. Zote tatu ziko upande wetu. Lakini mtu aliyepoteza hela ya kitenge hatapanda basi kwenda Dar es Salaam, alale kwa ndugu, atafute ofisi, ajaze fomu, arudi, asubiri kuitwa, apande basi tena. Nauli ya safari hizo inazidi kitenge. Muuzaji anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi, ndiyo maana bidhaa zake nyingi zina bei ya kuumiza lakini haifiki bei ya kushtakia.

Na kinachotukera kupita yote ni kwamba tunajua upimaji ulivyo, maana sisi tunapimwa kila mwaka. Peleka korosho zako ghala la chama cha msingi uone. Zinamwagwa, zinaangaliwa, unyevu unapimwa. Zikiwa mbichi unaambiwa kazianike tena, zikiwa na mawe unachekecha pale pale mbele za watu, zikiwa hafifu zinashushwa daraja. Mizani inasoma, karani anaandika. Halafu zinaingia mnadani, siku hizi kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mnunuzi aliye mbali, ambaye hajawahi kukanyaga Kibiti, anajua ananunua tani ngapi na za daraja gani. Mkulima anasubiri malipo yapite benki, makato yatolewe, ndipo ashike chake. Ufuta ni hivyo hivyo. Hatulalamikii kupimwa, kwani mnunuzi ana haki ya kupata alichokilipia. Tunauliza kwa nini haki hiyo inaishia pale sisi tunapogeuka kuwa wanunuzi. Hela ile ile ya korosho iliyotoka kwa kupimwa gramu kwa gramu, mwezi huo huo inanunua mbuzi kwenye gunia, na hakuna karani, hakuna mizani, hakuna daraja.

Msituambie tena kwamba jambo haliwezekani kwa sababu ya mtandao. China wameliweza miaka mingi: mwanzoni mwa miaka ya 2000, soko la mtandaoni la Taobao lilipoanza, waliunda Alipay ikawa inaishikilia hela ya mnunuzi mpaka aseme mzigo umefika na ndio wenyewe, ndipo muuzaji alipwe. Nchi za Umoja wa Ulaya zinampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa nyingi bila kuulizwa sababu. Hapa kwetu duka la mtandaoni la Jumia lilikuja, likafunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na tangu hapo sehemu kubwa ya biashara ya mtandaoni imebaki kwenye kurasa za watu binafsi na namba za simu. Kampuni zetu za simu zinashika hela za nchi nzima usiku na mchana. Kuishika ya kitenge kwa siku mbili tatu haziwezi kushindwa.

Wapo wauzaji wema, na haki yao isemwe. Yupo dada mmoja wa Kariakoo ambaye watu wa huku wanapeana namba yake. Anamwambia konda asiachie mzigo mpaka mteja aufungue palepale stendi, na kisipokuwa chenyewe konda anarudi nacho. Hajawahi kukosa wateja Kibiti. Lakini naye anaumizwa, maana mteja mgeni akishapigwa mara moja na muuzaji mwingine, hatumi tena hela kwa yeyote, na maduka ya jirani nayo yakijua hatuna pa kwenda yanapandisha bei. Baada ya mafuriko ya 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walikuwa wanaanza upya, wananunua magodoro, sufuria, taa. Wengi waliagiza mbali kwa sababu karibu kulikuwa ghali. Kumtapeli mtu anayenunua godoro la kwanza baada ya maji kuchukua la zamani ni dhambi, na tunaisema kwa jina hilo.

Tunachoomba hakihitaji sheria ya nne. Kampuni za simu ziweke malipo ya mzigo yanayosubiri, hela ikae mpaka mnunuzi abonyeze kuwa amepokea alichoagiza. Anayeuza kwa kupokea hela kwenye laini, jina lake na mahali pake vionekane kwa anayemlipa. Polisi waelekezwe kwamba kubandika karatasi ya wati 100 juu ya ya wati 40 ni udanganyifu, hata kama boksi lilifika. Tume ya Ushindani ipokee malalamiko kupitia ofisi ya mtendaji wa kata, picha ya tangazo na picha ya mzigo, bila mtu kupanda basi. Na sisi wenyewe tuitunze picha ya tangazo kabla ya kutuma hela, tuitunze meseji ya muamala, tufungue mzigo stendi mbele ya konda tukipiga video, na tusiufiche mkasa kwa aibu, kwa sababu namba inayofichwa leo kesho inampiga jirani.

Minada ya korosho huanza Oktoba, na hela ikiingia watu wataagiza. Watu wa Tume waje Kibiti kabla ya hapo.