Bibi hana gari, leseni ya gari anailipia ya nini?

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, si mchumi. Haya nimeyajua kwa kulipa.

Nilipoondoka niliacha Corolla yangu nyuma ya nyumba ya kaka, Morogoro, juu ya matofali. Miaka mitatu haikugusa barabara. Mwaka 2016 kaka alipotaka kuifufua akaambiwa inadaiwa leseni ya miaka yote mitatu, na faini juu. Gari limelala, kuku wanataga chini yake, deni linakimbia! Nililipa kwa pesa za zamu za usiku.

Kwa hiyo Juni 2017, Waziri wa Fedha Dk. Philip Mpango alipotangaza bungeni kuifuta ada ile ya mwaka, nilishangilia kama wengine. Ikabaki ada ya mara moja gari linaposajiliwa, na pengo likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Anayeendesha ndiye alipe. Nikasema hiyo ni haki.

Kumbe tulisoma nusu. Zile 40 ziliwekwa kwenye petroli, dizeli NA mafuta ya taa. Jamani, ni gari gani la mtu binafsi linalotembea kwa mafuta ya taa? Baada ya ongezeko hilo ushuru wa bidhaa ulikuwa shilingi 379 kwa lita ya petroli, 255 ya dizeli, na 465 ya mafuta ya taa. Najua petroli ina tozo nyingine za barabara. Lakini barabara na kibatari wapi na wapi?

Watetezi watasema ni kuwazuia wachakachuaji wasichanganye mafuta ya taa na dizeli. Hoja hiyo ndiyo iliyotumika 2011, ushuru uliporuka kutoka shilingi 52 hadi 400 na ushee. Sawa, mwizi akamatwe. Mbona anatozwa bibi? Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nilimwona mkunga akizalisha kwa taa ya chemli, na mafuta yake yaliletwa na ndugu wa mzazi kwenye chupa ya soda. Mama yule naye tumtoze leseni ya Corolla yangu?

Hebu tupige hesabu. Gari likichoma lita 1,000 kwa mwaka, zile 40 ni shilingi 40,000. Mimi nilikuwa nalipa zaidi ya laki moja. Aliyepata nafuu ni mimi mwenye gari.

Na tatizo langu halikuhitaji yote hayo. Hapa gari likiwa limeegeshwa nyumbani unaijulisha DVLA kwamba halipo barabarani, bure kabisa, na kodi inasimama. Hata miezi kamili uliyokwisha kulipia unarudishiwa. Ukilitoa barabarani kinyemela, linafungwa gurudumu na unalipa faini. Basi. Fomu moja tu ingemaliza kilio cha kaka yangu pale Morogoro, bila kugusa koroboi ya mtu.

Wabunge wetu mnaosoma hapa, wa chama chochote: zile 40 zitoeni kwenye mafuta ya taa. Kama pengo linawatisha, rudini kwetu wenye magari, na mwenye injini kubwa alipe zaidi. Nami nitalipa, gari likitembea.

Naomba kuwasilisha.